Gobori na Shabaha Yake katika Nyanda za Juu za Kusini

Ni silaha chache zilizoacha maneno mengi katika Kiswahili kama bunduki ya kushindilia, yaani ile ipakiwayo kwa mdomo wa mtutu wala si kwa nyuma. Jina lake lijulikanalo zaidi ni gobori, ambalo wengine huliandika gobore na wengine, hasa magazetini, gobole. Pwani ilikuwa na majina mengine pia: bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi, gumegume, iliyotoa cheche kwa jiwe, na korofindo, jina ambalo sasa ni la kamusini zaidi kuliko la vinywani. Viungo vyake navyo vilikuwa na majina kamili. Kasiba ni mtutu. Tako ni ule mti unaokaa begani. Mdeki ni ufito wa kushindilia. Kifa ni kile kitundu ambapo moto huingilia. Fataki ni kile kifuniko kidogo cha shaba chenye dawa ya kulipuka, kinachopigwa na mtambo. Marisau ni risasi ndogo ndogo, na popoo ni risasi ya mviringo. Kamusi iliyotengenezwa na Frederick Johnson na kuchapishwa mwaka 1939 imeyahifadhi mengi ya maneno hayo, na mtu akiyafuata moja moja aweza karibu kuifungua bunduki yenyewe na kuifunga tena.

Ila pana sehemu moja ambayo katika msamiati huo imekaa kama mgeni. Chombo cha kulengea, kiwe kidutu cha mbele na mwanya wa nyuma, au kiwe darubini iliyofungwa juu ya mtutu, hakina jina la peke yake lililoenea kama mdeki au kifa. Husemwa shabaha tu, na shabaha ni kitu kinacholengwa, tena ni tendo la kulenga, tena ni nia ya mtu. Darubini nayo ni neno la nahodha na la mtazama nyota kabla ya kuwa la mwindaji. Upungufu huo si wa bahati. Gobori lililotumika Uhehe, Usangu, Ubena na Unyakyusa kwa zaidi ya miaka mia halikuwa na jicho, na sababu zake zafaa kuchunguzwa, kwa kuwa jawabu lililozoeleka, yaani kwamba wenyeji hawakujua kulenga, si la kweli.

Kwanza yafaa kuondoa dhana kwamba bunduki ya kushindilia kwa tabia yake haipatani na darubini. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya mwaka 1861 na 1865, jeshi la Kusini lilikuwa na wadunguaji wachache waliopewa bunduki ya Whitworth, iliyobuniwa Uingereza. Ilikuwa bunduki ya kushindilia kwa mdomo, lakini ndani ya mtutu wake mlikuwa na pembe sita zilizozungushwa, na risasi yake nayo ilikuwa na pembe sita, hivyo ikatoka ikizunguka kwa utulivu. Baadhi yake zilifungwa darubini ya Davidson, na darubini hiyo haikuwekwa juu ya mtutu bali ubavuni, upande wa kushoto, mbali na kifa kinachotema moto na vipande vya fataki upande wa kulia. Jenerali John Sedgwick wa jeshi la Kaskazini, aliyeuawa Spotsylvania tarehe 9 Mei, 1864, huaminiwa kuwa alipigwa kwa bunduki ya namna hiyo kutoka mbali sana. Basi kushindilia si kizuizi. Kizuizi ni mtutu.

Mtutu wa gobori la biashara ulikuwa laini ndani, bila mifuo. Risasi ya mviringo ilifanywa iwe ndogo kidogo kuliko tundu la mtutu ili ishuke kwa urahisi hata mtutu ukiwa umechafuka kwa masizi. Kwa hiyo ilipotoka iligongagonga pande zote, na mguso wake wa mwisho mdomoni ndio ulioamua iende kulia au kushoto. Mwaka 1814 ofisa mmoja wa Kiingereza, George Hanger, aliandika kwamba bunduki ya kawaida ya askari, kama haikutengenezwa vibaya mno, yaweza kumpiga mtu kwa yadi 80, labda 100. Lakini kwa yadi 200 ni sawa na kuulenga mwezi. Hanger alisema habari za bunduki za jeshi la mfalme. Zile zilizoletwa Unguja kwa ajili ya bara zilikuwa chini ya hizo, na aliyefunga darubini juu yake angeona vizuri zaidi mahali ambapo risasi yake haitafika.

Bunduki hizo zilifika vipi Nyanda za Juu? Njia ilikuwa ile ya pembe za ndovu. Usangu, ambayo wafanyabiashara wa pwani waliiita Urori, ilikuwa katika njia ya kusini iliyotoka pwani na kwenda Ufipa na nchi za Wabemba. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, alipita huko ujanani mwake, naye ameeleza safari zake katika Maisha yake mwenyewe, kitabu ambacho W. H. Whiteley alikitafsiri kwa Kiingereza na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ikakitoa pamoja na jarida lake mwaka 1958 na 1959. Wasomaji wa kitabu hicho watakumbuka vita vyake na Nsama wa Itahwa: kundi dogo la wenye bunduki, watu wengi waliosongamana mbele yao kwa hatua chache, na bunduki zilizoshindiliwa zikawaangusha wengi mara moja. Katika mapigano ya jinsi hiyo shabaha haikutakikana. Yaliyotakikana ni baruti kavu na moyo wa kungoja.

Mtemi Merere wa Usangu alijipatia bunduki kwa biashara hiyo, na Wahehe chini ya Munyigumba, kisha chini ya mwanawe Mkwavinyika, ajulikanaye zaidi kama Mkwawa, walizipata kwa biashara na kwa vita. Konsuli wa Kiingereza James Frederic Elton alifika kwa Merere mwaka 1877 akakuta nchi iko vitani na Wahehe. Lakini lingekuwa kosa kuwadhani Wahehe jeshi la bunduki. Silaha yao ilikuwa mkuki na ngao, na mpango wao wa vita ulijengwa juu ya kumkaribia adui upesi kabla hajapata nafasi ya pili.

Upana wa biashara ya bunduki unaonekana katika taarifa ya konsuli wa Kiingereza wa Unguja, Euan-Smith, ya mwaka 1888, aliyekisia kwamba kila mwaka bunduki kati ya 80,000 na 100,000 za kila namna zilikuwa zikiingia katika pwani ya Afrika Mashariki. R. W. Beachey, katika uchunguzi wake wa biashara hiyo uliochapishwa mwaka 1962, ameonyesha asili yake: majeshi ya Ulaya yalikuwa yamehamia bunduki zipakiwazo nyuma, na zile za zamani, ambazo hazikuwa na thamani tena huko, zikapata soko huku. Hivyo gobori lilifika bara likiwa tayari limepitwa na wakati kwao lilikotoka.

Tarehe 17 Agosti, 1891, katika Lugalo, mashariki ya mji wa Iringa wa leo, Wahehe walilishambulia jeshi la Kijerumani lililoongozwa na Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo. Jeshi lilikuwa likienda kwa msururu mrefu katika nchi ya vichaka na mawe. Alison Redmayne, aliyeandika mwaka 1968 juu ya vita vya Wahehe, ameeleza jinsi shambulio lilivyoanza ghafla na jinsi askari walivyokosa nafasi ya kupiga zaidi ya mara moja au mbili kabla mikuki haijawafikia. Zelewski aliuawa, na Wajerumani wengine pamoja naye hata wakafika kumi, na askari na wapagazi wengi. Wahehe nao walipoteza watu wengi. Bunduki zipatazo 300 zikatekwa, pamoja na mizinga na risasi.

Jambo ambalo wanahistoria wa Lugalo hawakulikazia sana ni hili la masafa. Bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, waliyokuwa nayo askari wa Zelewski, ilikuwa na mifuo ndani ya mtutu, ilipakiwa nyuma, na juu yake palikuwa na kibao cha kulengea kilichogawanywa kwa mamia ya mita. Ilikuwa na jicho, tena jicho la mbali. Siku ile jicho hilo halikuona kitu, maana adui alitokea katika nyasi kwa hatua chache. Mwenye kuchagua mahali pa vita ndiye aliyechagua masafa, na aliyechagua masafa alizifanya bunduki 300 za kisasa kuwa fimbo. Zelewski hakushindwa na silaha bora.

Wala bunduki zile zilizotekwa hazikumwokoa Mkwawa. Gavana von Schele alikwenda Kalenga na mizinga, na tarehe 30 Oktoba, 1894 ngome ikaanguka. Safari hii Wajerumani ndio waliochagua masafa, wakaipiga ngome kutoka mbali. Mkwawa aliendelea na vita vya msituni karibu miaka minne. Tarehe 19 Julai, 1898 sajini Merkl aliiona miili miwili imelala, akapiga risasi. Walipokaribia wakakuta wote wawili wamekwisha kufa. Mkwawa alikuwa amejiua kwa bunduki yake mwenyewe. Fuvu lake, lililorudishwa na Gavana Twining mwezi wa Juni mwaka 1954, limehifadhiwa Kalenga.

Katikati ya mambo hayo, mbali sana na Iringa, liliamuliwa jambo lililokuwa na nguvu zaidi juu ya gobori kuliko vita vyenyewe. Tarehe 2 Julai, 1890 madola yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mapatano ya kukomesha biashara ya watumwa, na ndani yake mlikuwa na vifungu vya silaha. Eneo lote la Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini lilipigwa marufuku kuingiziwa silaha, hasa bunduki zenye mifuo na zile zilizoboreshwa. Lakini serikali ziliachiwa uwezo wa kuruhusu kuuzwa kwa bunduki za jiwe zenye mtutu laini, pamoja na baruti ya kawaida, ile iliyoitwa baruti ya biashara. Silaha zilipaswa kuwekwa katika maghala ya serikali na kutiwa alama na kuandikwa.

Sababu iliyotajwa ilikuwa njema, kwani wafanyabiashara ya watumwa walitumia bunduki, na kuwanyima bunduki ni kuwadhoofisha. Hata hivyo mapatano yaligawanya silaha kwa mstari ambao haukuhusiana na utumwa. Mstari ulipita ndani ya mtutu. Bunduki yenye mifuo, yaani ile ambayo kulenga kwake kuna maana, ikawa ya mtawala na ya Mzungu mwenye kibali. Bunduki laini, yenye kupiga kwa makisio, ndiyo Mwafrika aliyoweza kuruhusiwa. Mtu atakayeuliza kwa nini gobori la Usangu halikupata darubini ataona kwamba jawabu liliandikwa Brussels kabla Wajerumani hawajafika Utengule. Mapatano ya Saint-Germain ya tarehe 10 Septemba, 1919 yalichukua mahali pa yale ya Brussels katika habari za silaha, na amana ambayo Uingereza ilipewa mwaka 1922 kuitawala Tanganyika iliitaka isimamie kwa ukali biashara ya silaha na risasi. Bendera zilibadilika, mstari ukabaki.

Chini ya Wajerumani sheria za uwindaji zilifuata upesi. Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri yake ya kuhifadhi wanyama tarehe 7 Mei, 1896, na tangu hapo uwindaji wa ndovu ulihitaji kibali cha kulipiwa. Hapo ndipo neno fundi lilipopata maana ambayo leo imesahauliwa. Katika biashara ya pembe, fundi alikuwa mwindaji hodari wa ndovu, na wakati wa Wajerumani mara nyingi alikuwa mtu aliyepewa bunduki na baruti na tajiri mwenye kibali, akaenda porini kwa miezi, akarudi na pembe ambazo sehemu kubwa yake haikuwa yake. Bernhard Gissibl, katika uchunguzi wake wa uwindaji katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, amewaeleza watu hawa kwa urefu. Wamakua walisifika sana katika kazi hiyo.

Ufundi wa fundi ulikuwa na mpango wake, na mpango huo ndio uliochukua mahali pa darubini. Hakulenga kwa jicho la chuma. Alilenga kwa miguu. Alisoma upepo, akaliacha kundi lipite, akanyemelea hata akawa na ndovu kwa hatua kumi au ishirini, kisha akapiga nyuma ya bega au kati ya jicho na sikio, mara nyingi kwa kipande cha chuma badala ya risasi, maana risasi laini huvunjika juu ya mfupa. Alikuwa na pigo moja. Kushindilia upya kulihitaji kupima baruti, kutia kizibo, kushusha risasi, kutia kizibo cha pili, kuchomoa mdeki, kuweka fataki. Kwa mwenye mikono mizuri ni karibu nusu dakika, na ndovu aliyejeruhiwa hangoji nusu dakika. Moshi wa baruti nyeusi nao humfunga macho mpigaji, asijue kama amepata au amekosa mpaka upepo uuondoe. Katika hali hiyo neno shabaha lilikuwa na haki ya kuwa na maana tatu kwa pamoja, kwa sababu nia, tendo na kitu kilicholengwa vyote vilikuwa mahali pamoja, karibu kiasi cha kusikia pumzi.

Baada ya vita vya Maji Maji, vya mwaka 1905 hadi 1907, ambavyo viliingia Ubena na Ungoni ilhali Wahehe hawakujiunga navyo, silaha katika wilaya zilizoasi zilikusanywa. Matokeo ya kukusanya silaha hayakuonekana vitani tu bali mashambani pia, kwa nguruwe mwitu, nyani na ndovu.

Chini ya Waingereza palikuwa na idara ya wanyama tangu mwaka 1919, na maofisa wake, ambao watu waliwaita mabwana nyama, walikuwa na kazi mbili zilizogongana: kuwalinda wanyama kwa ajili ya kibali na kuwaua kwa ajili ya shamba. Ubaya wa mgongano huo ulionekana wilaya ya Njombe. Kati ya mwaka 1932 na 1947 hivi, simba wala watu waliitesa nchi hiyo, na idadi inayotajwa mara nyingi ni watu 1,500 waliouawa; yafaa ichukuliwe kama makisio. Bwana nyama George Rushby, ambaye baadaye aliandika habari hizo katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1965, alifanya kazi ya kuwasaka na kuwaua simba 15. Watu wengi waliamini kwamba simba wale waliongozwa na jumbe aliyeondolewa cheo, na hofu hiyo iliwafanya wasiseme hata jina la simba.

Simulizi ya simba wa Njombe kwa kawaida husimuliwa kama habari ya ushirikina upande mmoja na ushujaa wa Mzungu upande wa pili. Upande wa tatu ni wa silaha. Simba wale walikwenda kwa makundi na walishambulia kijijini. Mwenye gobori alikuwa na pigo moja lisilo na hakika, kisha nusu dakika ya mikono mitupu. Kwake darubini isingekuwa na faida yoyote, maana kulenga mbali hakukuwa tatizo lake. Alilohitaji ni mtutu wa kuaminika na pigo la pili, navyo vyote viwili vilikuwa upande wa pili wa ule mstari wa Brussels. Rushby hakuwa mwindaji mwenye macho makali kuliko Wabena. Alikuwa na kibali.

Kwa mwenye bunduki ya kushindilia yenye mifuo, ambaye kwake darubini ina maana, nchi ya Mbeya na Iringa ni mtihani mzuri wa darubini, tena mkali. Mtihani wa kwanza ni teke la bunduki. Kiasi kikubwa cha baruti nyeusi husukuma kwa uzito, na darubini ambayo nyuzi zake za ndani hazikukazwa sawasawa hupoteza shabaha baada ya mapigo machache bila mwenyewe kujua. Tena teke hilo humrudishia mpigaji chuma usoni, kama walivyojua wale wa Whitworth waliorudi na jicho jeusi. Kwa hiyo kioo cha nyuma lazima kiruhusu jicho likae mbali, vidole vinne au zaidi. Ukubwa wa kukuza si sifa. Kwa masafa ya mita 100 au 150, ambayo ndiyo mwisho wa busara wa baruti nyeusi juu ya mnyama, kukuza mara mbili au mara nne kunatosha, na zaidi ya hapo mkono hutetemeka ndani ya kioo.

Mtihani wa pili ni maji. Iringa hupata msimu mmoja wa mvua na kiangazi kirefu chenye vumbi, lakini miteremko ya Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na asubuhi za baridi huko ukungu hulala mpaka jua lipande. Mtu akitoka na bunduki katika nyumba yenye moto, vioo visivyozibwa vizuri huingia unyevu na kufumba kwa ndani, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Darubini za zamani zilizotengenezwa Vienna na Wetzlar zilikuwa na vioo bora, lakini dawa ya ukungu wa ndani ilienea baada ya Vita Kuu ya Pili, mafundi wa Marekani walipoanza kutoa hewa yenye unyevu na kujaza naitrojeni. Unyevu huohuo ndio uliokuwa adui mkubwa wa gobori. Baruti ni shura sehemu 75 katika mia, makaa 15 na kiberiti 10, na shura isiyosafishwa vizuri hunywa maji. Katika Unyakyusa bunduki kukataa kulia lilikuwa jambo la kutazamiwa kuliko kukosa shabaha.

Mtihani wa tatu hutajwa mara chache, nao ni masizi. Mabaki ya baruti nyeusi yana chumvi zinazovuta maji na kula chuma. Ndiyo maana bunduki hii huoshwa kwa maji ya moto siku ileile ilipopigwa. Darubini iliyokaa chini sana juu ya kifa hupokea chumvi hizo kila pigo, katika mikazo yake na kando ya kioo. Kwenye bunduki ya jiwe, ambayo moto wake hulipuka nje, hali ni mbaya zaidi, na hapana nafasi nzuri ya kuiweka. Davidson alipoipeleka ubavuni hakuwa akifanya madoido.

Bado sheria ndiyo inayoamua kabla ya kioo. Huko Marekani, ambako uwindaji wa bunduki za kushindilia umefufuliwa kwa ajili ya mchezo na hupewa msimu wake wa peke yake, baadhi ya majimbo yamekataza darubini katika msimu huo, Colorado likiwa mojawapo, kwa hoja kwamba mwenye kuchagua silaha ya zamani achague na mipaka yake. Hoja hiyo yafanana kwa maneno na ile ya Brussels, ila mwindaji wa Colorado ana bunduki nyingine nyumbani.

Nchini Tanzania uwindaji umo chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na bunduki zimo chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Gobori lingali linatengenezwa kwa siri na wahunzi, mtutu wake ukitoka katika bomba la maji au chuma cha gari, na risasi zake katika vipande vya nondo. Mara kwa mara huonekana katika picha za magazeti, yamepangwa mbele ya polisi baada ya wananchi kuyasalimisha kwa hiari au baada ya msako kandokando ya Ruaha. Mtutu bado ni laini. Haki ya kulenga mbali, iliyotengwa mwaka 1890, haikupata kulifikia.

Kwa upande wa lugha, mambo yamekwenda kinyume na inavyotazamiwa. Silaha ingali ipo ilhali majina ya viungo vyake yanapotea, kwa sababu kitu kilicho haramu hakizungumzwi waziwazi, na mhunzi hatamweleza mgeni kifa chake anakiitaje. Neno lililo hai kuliko yote ni gumegume, nalo limehama kabisa: mwanamume gumegume ni mtu duni asiyefaa kitu, na wanaolitamka leo mijini hawafikirii jiwe wala cheche, ingawa kila mwenye bunduki ya jiwe asubuhi ya ukungu Tukuyu angelielewa mara moja. Mdeki, kasiba na korofindo vimebaki kamusini. Kihehe, Kisangu, Kibena na Kinyakyusa navyo vina maneno yake ya bunduki na ya kunyemelea, mengine ya mkopo kutoka Kiswahili cha misafara na mengine ya kale zaidi ya bunduki yenyewe, yaliyotolewa katika upinde na mkuki. Hayo yafaa kukusanywa kwa wazee waliowinda kwa kibali kabla ya uhuru wa mwaka 1961 au waliobeba baruti ya baba zao, nao sasa si wengi, Iringa wala Mbeya.